Irlandi ina pesa lakini haina nyumba za kutosha: makanisa yetu yajifunze nini?

Kwa wengi wetu Irlandi ni jina linalosikika mara chache. Ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, na jamhuri yake ilihesabu watu milioni 5 na kidogo mwaka wa 2022. Lakini si inchi ngeni kabisa kwetu. Askari wake walikuja hapa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1960, na tisa kati yao waliuawa Niemba, katika Tanganyika, mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule. Leo wako Wakongomani wanaoishi Dublin na katika miji mingine ya kule, na wengine wao walilelewa katika makanisa ya mashariki. Wanapopiga simu nyumbani, malalamiko ni yale yale: nyumba hazipatikani, na umeme ni bei kali.

Wazazi wengi hawaamini habari hiyo. Wanauliza: inawezekanaje mtu afanye kazi Ulaya, katika inchi tajiri, na bado akose chumba cha kulala? Swali ni la haki. Mwezi wa tisa 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Apple iilipe Irlandi ushuru wa euro bilioni 13, pamoja na faida yake. Bajeti ya serikali ya mwaka ule ilifungwa na pesa za ziada, jambo ambalo mataifa mengi hayalijui. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 2025, watu zaidi ya 15,000 walikuwa wakilala katika makao ya dharura yanayolipiwa na serikali: vyumba vya hoteli, nyumba za wageni, vituo vya wasio na makao. Kati yao watoto walikuwa zaidi ya 4,500.

Basi tujaribu kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha tujiulize Neno la Mungu linatuambia nini sisi tunaojenga na kupangisha hapa mashariki.

Walijenga sana, kisha wakaacha

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2007, uchumi wa Irlandi ulikimbia. Benki zilikopesha bila kupima. Mwalimu, polisi, mkulima, wengi walitaka kununua nyumba ya pili ili waipangishe. Mwaka wa 2006 peke yake zilimalizika nyumba zaidi ya 80,000. Bei ilipanda kila mwaka, na watu waliamini kwamba itaendelea kupanda.

Mwaka wa 2008 benki zikaanguka. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 mwezi wa tisa, serikali iliahidi kubeba madeni ya benki kubwa. Ahadi hiyo ya usiku mmoja iliwafunga raia kwa miaka mingi: kuziokoa benki kulikula karibu euro bilioni 64. Mwezi wa kumi na moja 2010 Irlandi ililazimika kupokea mpango wa mikopo wa euro bilioni 85 pamoja na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei ya nyumba ilishuka kwa nusu hivi. Mwaka huo huo zilihesabiwa sehemu zaidi ya 2,800 za makazi zilizoachwa bila kumalizika: kuta bila madirisha, barabara bila lami, nyumba zilizosimama peke yake katika matope. Wairlandi waliziita mitaa ya mizimu.

Hasara kubwa zaidi haikuonekana haraka. Mafundi walikosa kazi. Wajenzi wa kuta, maseremala, mafundi wa umeme na wa mabomba waliondoka kwa maelfu kwenda Uingereza, Australia na Kanada. Shule za ufundi zikapungukiwa na vijana, kwa sababu hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake ajifunze kazi iliyokufa. Halmashauri za miji, ambazo katika miaka ya 1970 zilikuwa zikijenga karibu theluthi moja ya nyumba zote mpya, ziliacha karibu kabisa. Mwaka wa 2013 inchi nzima ilimaliza nyumba chini ya 5,000.

Lakini watoto waliendelea kuzaliwa, na kazi ziliporudi, watu walirudi nazo. Tume ya Makazi iliyowekwa na serikali ilitoa ripoti mwezi wa tano 2024. Ilisema kwamba mwaka wa 2022 inchi ilipungukiwa na nyumba kati ya 212,500 na 256,000. Kabla ya uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja 2024, viongozi waliwaambia raia kwamba mwaka huo utafunga na nyumba karibu 40,000. Hesabu rasmi ilipotoka baada ya uchaguzi, zilikuwa 30,330.

Bei inatoka wapi?

Chama cha wapimaji wa gharama za ujenzi cha kule kilichunguza mwaka wa 2023 bei ya kutoa nyumba moja ya vyumba vitatu vya kulala. Wastani wa inchi ulikuwa euro 397,000. Katika eneo la Dublin ilipita 460,000. Jambo la kushangaza ni mgawanyo wake: mawe, simenti, mbao, manjanja na mishahara ya mafundi vilichukua asilimia 53 tu. Asilimia 47 iliyobaki ilienda kwa parseli, ushuru wa TVA, riba ya benki, malipo ya vibali na wataalamu, na faida ya mwenye kujenga. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya nyumba si nyumba. Ni karatasi, udongo na deni.

Sasa chukueni kalamu. Benki Kuu ya Irlandi, kwa kuogopa kurudia makosa ya 2008, inaruhusu mnunuzi wa nyumba ya kwanza kukopa mara nne ya mshahara wake wa mwaka. Mtu anayepata euro 50,000 kwa mwaka anaweza kukopa 200,000. Nyumba mpya ni karibu mara mbili ya hapo. Mume na mke wenye mishahara kama hiyo wote wawili ndio wanaokaribia mlango. Mjane hafiki. Kijana aliye peke yake hafiki. Mfagiaji wa hospitali hafikirii hata kuuliza.

Wasioweza kununua wanapanga. Mwishoni mwa 2011, baada ya uchumi kuanguka, kodi ya nyumba zilizokuwa zikitangazwa ilikuwa wastani wa euro 765 kwa mwezi. Mwaka wa 2025 imepita 2,000. Mshahara wa chini kabisa uliowekwa na sheria mwaka huo ulikuwa euro 13.50 kwa saa. Mtu aliyefanya saa 39 kwa juma alipata karibu 2,280 kwa mwezi kabla ya makato. Akitaka kupanga peke yake nyumba mpya, kodi inameza karibu mshahara wote. Ndiyo maana watu wanne wazima wanagawana vyumba viwili, na kijana wa miaka 30 bado analala kwa mama yake.

Kuna jambo lingine linalowahusu mafundi wetu moja kwa moja. Katika wilaya ya Donegal, na pia Mayo na nyingine, maelfu ya nyumba zimepasuka kuta. Bloki za simenti zilitengenezwa kwa mawe yaliyokuwa na madini mabaya, kama mica na pyrite, ambayo yanadhoofisha bloki polepole kwa sababu ya maji na baridi. Familia zilizokuwa zimelipa deni la benki kwa miaka 15 ziliona ukuta unabomoka mikononi kama mkate mkavu. Serikali imetenga zaidi ya euro bilioni 2 kwa kuzijenga upya. Kokoto ya bei nafuu imezaa gharama hiyo yote.

Umeme ulioingia hata ndani ya bloki

Irlandi inaleta kutoka nje karibu asilimia 80 ya nishati yake. Gesi yake nyingi inapita chini ya bahari kutoka Uingereza, na gesi hiyo hutoa sehemu kubwa ya umeme kuliko chanzo kingine chochote. Wakati Urusi ilipoingia Ukraine mwezi wa pili 2022, bei ya gesi ilipanda Ulaya nzima, na nyumba za Irlandi zikawa miongoni mwa zile zinazolipa umeme kwa bei ya juu kabisa katika Umoja wa Ulaya, pamoja na Ujerumani na Denimaki.

Mtu atauliza: kule si kuna upepo mwingi? Upo, na unatoa karibu theluthi ya umeme wao. Lakini upepo unapotulia, mitambo ya gesi inawashwa, na katika soko lao mtambo wa mwisho kuwashwa, ulio ghali zaidi, ndio unaoweka bei ya wote. Tena watu wa kule wametawanyika vijijini, hivyo nyaya ni ndefu na wanaozilipia ni wachache.

Halafu kuna majumba makubwa ya kompyuta yanayohifadhi picha, barua na video za dunia nzima. Mwaka wa 2015 yalitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa. Mwaka wa 2023 yalitumia asilimia 21, yaani kuliko nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja. Tusisahau kwamba koltani inayochimbwa Kivu hutoa madini ya tantali yanayotumika katika vifaa vya elektroniki. Mchimbaji wetu na mama wa Dublin anayezima jiko la umeme mapema wanaguswa na biashara moja, ingawa hawajawahi kuonana.

Bei ya nishati haiishii kwenye bili ya mwezi. Simenti, tofali, vioo na chuma vinatengenezwa kwa moto mkali. Moto ukipanda bei, bloki inapanda bei, na nyumba inapanda bei kabla mtu hajawasha taa ndani yake. Sheria mpya zinadai kila nyumba ijengwe kwa kuta zinazozuia baridi vizuri. Sheria hizo ni nzuri, kwa kuwa mwenye nyumba atalipa kidogo kila mwezi. Lakini zinaongeza bei ya kuanzia, na maskini hukwama pale pale pa kuanzia.

Serikali ilisaidia: kila nyumba ilipunguziwa bili kwa jumla ya euro 600 katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, 450 mwaka uliofuata, kisha 250. Lakini msaada ulikuwa sawa kwa kila mita ya umeme. Tajiri mwenye nyumba ya pili ya kupumzikia kando ya bahari alipata mara mbili. Mjane wa chumba kimoja alipata mara moja. Katika bajeti ya mwezi wa kumi 2025 msaada huo haukurudi. Katika bajeti hiyo hiyo TVA ya nyumba za ghorofa ilipunguzwa kutoka asilimia 13.5 hadi 9, ili wajenzi wapate moyo. Tutaona kama punguzo litafika kwa mpangaji au litabaki njiani.

Mgeni ndiye anayelaumiwa

Watu wanapobanwa, hutafuta wa kumtupia lawama. Irlandi imepokea Waukraine zaidi ya 100,000 tangu 2022, pamoja na watu wanaoomba hifadhi kutoka Afrika na Asia. Vyumba vilipokwisha, wanaume wengi walilala katika mahema kando ya barabara ya Mount Street, Dublin, mpaka serikali ilipoyaondoa tarehe 1 mwezi wa tano 2024. Majengo kadhaa yaliyosemekana kuandaliwa kwa wageni yalichomwa moto. Mwezi wa kumi na moja 2023 kulikuwa na ghasia katikati ya jiji.

Tuseme ukweli. Mgeni anahitaji kitanda, na kitanda ni kimoja zaidi katika hesabu. Lakini si mgeni aliyeacha mitaa bila kumalizika mwaka wa 2010. Si mgeni aliyewafukuza mafundi. Na hesabu ya watu ya 2022 ilikuta nyumba 166,752 zisizokaliwa na mtu, bila kuhesabu zile za mapumziko. Nyumba tupu zaidi ya mara kumi ya watu wote waliokuwa katika makao ya dharura mwanzoni mwa 2025!

Hili linauma zaidi kwa sababu Wairlandi ni wana wa watu waliofukuzwa. Katika njaa kubwa ya 1845 hadi 1852, watu milioni moja hivi walikufa na milioni nyingine hivi wakakimbia, na familia nyingi zilitolewa katika vibanda vyao kwa kukosa kodi. Lakini tusiwanyoshee kidole. Hapa kwetu pia, wakimbizi wa vita wanapoingia mjini, tunasikia wenye nyumba wakipandisha bei ndani ya juma moja, na majirani wakisema kwamba wageni ndio walioleta ugumu wa maisha.

Neno la Mungu linasema nini?

Nabii Isaya, katika sura ya 5, mstari wa 8 na wa 9, analia juu ya watu wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wengine wakose nafasi. Hukumu anayoitaja ni ya ajabu: hasemi kwamba nyumba zitakosekana. Anasema kwamba nyumba nyingi, kubwa na nzuri, zitakaa bila watu. Nilipoona picha za ile mitaa ya mizimu, nilielewa mstari ule kuliko nilivyouelewa katika shule ya teolojia. Tamaa huzaa upungufu na utupu kwa wakati mmoja.

Walawi 25 inatuambia kwamba udongo ni wa Bwana na sisi ni wapangaji wake. Mwaka wa 1973 kamati iliyoongozwa na jaji wa Irlandi, John Kenny, ilipendekeza jambo lililo karibu na wazo hilo. Iliona kwamba shamba likikaribia mji hupanda bei si kwa jasho la mwenyewe, bali kwa sababu umma umeleta barabara na maji. Ikashauri halmashauri zinunue mashamba hayo kwa bei ya shamba na kuongeza robo tu, ili faida irudi kwa wote. Hakuna serikali iliyolitimiza pendekezo hilo. Miaka zaidi ya 50 imepita.

Kinyume chake, huko Ballymun, kaskazini mwa Dublin, ushirika unaoitwa Ó Cualann ulipewa viwanja na halmashauri ya jiji kwa bei ndogo sana. Ukajenga nyumba zilizouzwa chini ya bei ya soko kwa wenye mishahara ya kawaida. Simenti ilikuwa ile ile na mafundi wale wale. Kilichobadilika hasa ni bei ya udongo na kiasi cha faida.

Na sisi?

Kwanza, tuzungumze kama wenye nyumba. Katika kila kusanyiko letu wako wazee na mashemasi wanaopangisha. Garanti ya miezi mingi inayodaiwa kwa dola inamfungia mlango mwalimu anayelipwa kwa franka. Nehemia, katika sura ya 5, hakuwakemea wapagani. Aliwakemea ndugu wa imani waliochukua mashamba na nyumba za ndugu zao, akawaambia warudishe siku ile ile. Naye mwenyewe aliacha haki yake ya kula posho ya gavana. Mchungaji anayepangisha aanze na nyumba yake: apunguze garanti, aandike mkataba, asimtoe mtu nje wakati wa mvua au wa msiba.

Pili, parseli za kanisa. Makanisa yetu ya Kiprotestanti yana viwanja ambavyo babu zetu walipewa au walinunua kwa sadaka. Vingine vinakaa bure, vingine vinauzwa kimya kimya kipande kwa kipande. Kabla ya kuuza, baraza lijiulize: je, hapa hapawezi kujengwa vyumba vichache vya wajane, vya wauguzi, vya familia zilizopoteza kila kitu? Parseli ikishauzwa hairudi. Dublin inajua hilo kwa uchungu.

Tatu, mafundi. Irlandi ina mabilioni, na haiwezi kununua kwa siku moja mjenzi aliyezoea kazi yake miaka kumi. Kijana wetu anayejifunza kujenga, kuseremala au kufunga umeme asihesabiwe kuwa ameshindwa masomo. Na afundishwe uaminifu: mchanga usiooshwa na bloki yenye simenti kidogo ni uongo unaosubiri mvua. Bwana Yesu katika Matayo 7 hakusema kwamba nyumba ya mpumbavu ilikuwa mbaya kwa macho. Ilionekana sawa na nyingine mpaka mto ulipokuja.

Mwisho, nawaomba wazazi wenye watoto kule. Mtoto akisema hana cha kutuma mwezi huu, usimwite mwenye moyo mgumu mbele ya ukoo. Mwulize analala wapi, pamoja na nani, na kama nyumba ina joto. Wako wanaotuma dola 100 kila mwezi kwa kuacha kuwasha moto nyumbani. Pesa hiyo ni sadaka, na sadaka haipokelewi kwa manung'uniko. Na yule anayejiandaa kuondoka aambiwe ukweli wote kabla hajauza shamba la familia kwa ajili ya safari.

Katika maombi ya juma hili, tuwakumbuke watoto wa Irlandi wanaofanya kazi ya shule juu ya kitanda cha hoteli. Tuwakumbuke Wakongomani wenzetu wanaotafuta chumba na kutazamwa kwa jicho baya. Tuwakumbuke walio chini ya mahema hapa kwetu. Na tuombe ujasiri kwa mabaraza yetu, maana viko viwanja ambavyo jibu la maombi hayo tayari liko ndani yake, likisubiri tu sahihi ya wazee.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi.